Walimu na wazazi wa Mwanza, mnawapelekaje watoto makumbusho wakarudi na kitu kichwani?

TichaIgoma

Mwangaluka wadau, na mlio nje ya kanda ya ziwa habari zenu. Uzi ni mrefu kidogo mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, nina darasa la tano lenye watoto 62, nafundisha Sanaa na Michezo na Hisabati juu yake (shule ya serikali huwezi kua na somo moja, wenzangu mnajua). Mwaka jana niliwapeleka sehemu moja kuangalia vitu vya kale na kazi za sanaa, sehemu yenyewe siitaji maana kosa lilikua letu na lao nusu kwa nusu. Tulifika saa nne, yule anayetembeza wageni akatuchukua wote 62 kwa mkupuo, akaanza kuongea pale pale mlangoni, walio mbele wanasikia walio nyuma wanasukumana, hiki kinaitwa hivi kilitumika hivi tusonge mbele, hiki kinaitwa hivi tusonge mbele. Na mimi kwa akili zangu nilikua nimewaambia kila mtoto anakili maandishi ya kwenye vibao, kwa hiyo hakuna aliyeangalia kitu, wote wameinamia madaftari wananakili. Dakika 40 tumemaliza, tuko nje tunakunywa juisi.

Jumatatu nikawapa insha. Wadau nimesahihisha insha 62 na zaidi ya nusu zilihusu kosta yetu kupata pancha pale Nyakato wakati wa kurudi. Kuna mmoja kaeleza jeki inavyowekwa, kaeleza vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Kuhusu makumbusho sasa: "tuliona vitu vingi vya kale". Nukta. Mwalimu mkuu akazipitia, akaniita ofisini, akaniuliza kwa upole kabisa, mwalimu, wazazi wamechanga elfu nane nane watoto wakaone pancha?

Muhula huu nataka kuwapeleka makumbusho ya Wasukuma ya Bujora pale Kisesa, wala sio mbali na sisi, lakini mkuu kasema hasaini kitu mpaka nimwambie watoto wanaenda kufanya nini na itawasaidia nini. Nimekaa na andalio la somo leo siku ya tatu nimeandika tarehe na kichwa cha somo tu. Mliowahi kufanya hivi mnafanyaje? Na wazazi mnaoenda na watoto wenu wikiendi, mkifika mnawaambia nini?

KijanaWaKirumba

Ticha pole ila mkuu wako ana hoja. Mtoto wa Kisukuma unamtoa Igoma na mchango juu ukamwoneshe jembe na chungu? Si aende kwa bibi yake Magu akavione bure na chakula anapewa. Wapeleke kisiwa cha Saanane wapande boti waone pimbi na swala, hapo insha itanoga yenyewe. Sanaa wataikuta mbele kwa mbele, sasa hivi wajue kusoma kwanza.

NyanzaUghaibuni

Mkuu KijanaWaKirumba hilo la "wajue kusoma kwanza" lilishapimwa, sio maneno yangu. Mimi nilisoma Marekani jimbo la Arkansas, kuna mji mdogo huko unaitwa Bentonville, ndio yalipo makao makuu ya Walmart, maduka ya familia ya Walton. Mwaka 2011 mmoja wa familia hiyo, Alice Walton, akafungua makumbusho ya sanaa inaitwa Crystal Bridges. Fikiria eneo ambalo watoto wengi hawajawahi kuona makumbusho ya sanaa maishani mwao, kama huku kwetu tu. Wakatangaza shule zije bure, basi wanalipa wao, chakula cha mchana wanatoa wao, hadi mwalimu wa kushika darasa linalobaki wanalipia wao. Shule zikaomba nyingi kuliko nafasi zilizopo. Ndio watafiti wa chuo kikuu cha Arkansas wakaona hapa pana bahati, tupige kura ya bahati nasibu nani aende sasa hivi nani asubiri, alafu tuwapime wote, waliokwenda na wanaosubiri. Wanafunzi kama 11,000, shule 123.

Waliokwenda walikwenda mara moja tu, ziara ya saa moja hivi, picha kama tano. Baadae wakapewa mchoro ambao hawajawahi kuuona waandike wanaona nini, na wale waliokwenda waliandika kwa umakini zaidi, wanataja walichokiona na kwa nini wanasema hivyo. Na kwa watoto wa vijijini na wa shule maskini ile faida ilikua kubwa mara mbili hadi mara tatu ya wenzao. Ticha hii ndio ya kumpa mkuu wako, mwambie watoto wetu ndio hasa wanaofaidika.

Kitu kingine walifanya, kila mtoto alipewa kuponi ya kurudi na familia yake bure. Waliokwenda na darasa walirudi 18% zaidi ya wale waliokua bado wanasubiri. Yani mtoto ndio alikua anamvuta baba yake.

Sasa pancha yako ilianzia wapi. Mtembezaji aliongea mno na vitu vilikua vingi mno. Kule wanagawa watoto vikundi vidogo, wanakaa chini sakafuni mbele ya picha moja, na anayewaongoza anaongea kidogo sana. Kuna mtu anaitwa Philip Yenawine alikua mkuu wa elimu kwenye makumbusho ya sanaa ya MoMA, New York, alikaa na mwanasaikolojia Abigail Housen wakatengeneza njia ya maswali matatu tu. Kwanza unauliza, hapa kuna nini kinaendelea? Mtoto akijibu unamuuliza, umeona nini mpaka ukasema hivyo? Alafu unawageukia wote, nini kingine tunaweza kuona? Kazi yako ni kurudia alichosema mtoto kwa maneno yako na kuonesha kwa kidole pale anaposema, husemi umepata wala umekosa. Basi. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu.

Na usione aibu kwa ile dakika 40. Pale makumbusho ya sanaa ya Met, New York, watafiti walikaa na saa wakihesabu, matokeo yalitoka 2001, mtu mzima aliyekwenda kwa hiari yake anaangalia kazi moja wastani wa sekunde 27.

NgambooYaBusisi

"Rahisi mpaka ujaribu" umesema kweli dada/kaka. Mimi nafundisha upande wa Sengerema, nilipata hayo maswali matatu kwenye semina miaka ya nyuma, nikasema mbona kazi ndogo hii.

Siku ya kwanza niliingia na mchoro wa mtindo wa tingatinga nilionunua Dar, ndege mmoja mkubwa na vidoti vingi. Nikauliza, hapa kuna nini kinaendelea? Mtoto wa mbele akasema "ndege mwalimu". Nikauliza umeona nini mpaka ukasema ndege. Akanyamaza, akaniangalia kama anaona nimechanganyikiwa, alafu akasema "samahani mwalimu". Darasa zima kimya. Wale watoto walikua wamezoea swali lina jibu moja na jibu analo mwalimu, kwa hiyo nikiuliza "umeona nini mpaka ukasema hivyo" wao wanasikia "umekosea". Na sauti yangu pia ilikua ya kipolisi, mke wangu alinisikia najaribu nyumbani akaniambia hivyo.

Nikajirekebisha vitu viwili. Cha kwanza nikawaambia dakika moja ya kwanza hakuna kuongea, tunaangalia tu, na mimi naangalia nao wala sizunguki darasani. Cha pili nikawaambia Kisukuma, Kizinza, Kikerewe vyote ruksa, atakayeelewa atawatafsiria wenzake. Hapo ndio nikamsikia binti mmoja ambaye tangu Januari sijawahi kusikia sauti yake. Kasema huyu ndege kakasirika. Umeona nini? Shingo, mwalimu, kaikunja kama bata akiwa na vifaranga. Mwenzake akabisha, kwamba hajakasirika anaangalia kitu nyuma, angalia jicho. Tulikaa kwenye ndege yule dakika 25, mimi niliyemnunua sikuwahi kuona jicho lile lilivyokaa.

Baada ya hapo ndio nikawapa historia, sio kabla. Nikawaambia mtindo huu ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekwenda Dar kutafuta kibarua, alikua anachora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, akafa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Ungewaambia mwanzoni wangeandika daftarini wakasahau. Baada ya kubishana dakika 25 walikua na hasira na ile risasi kana kwamba ni mjomba wao.

Kwa hiyo Ticha mambo ya kufanya kwa uzoefu wangu. Nenda Bujora peke yako kwanza, jumamosi moja, chagua vitu vitano au sita achana na vingine vyote hata kama roho inauma. Ongea na wanaotembeza wageni mapema, waambie kwa heshima kwamba watakapofika waanze watoto alafu wao wamalizie, wengi watakubali kwanza wanapumzisha koo. Usiende na mtu mmoja wa kusimamia, tafuta wazazi wanne, 62 gawa kwa makundi ya 15 hivi. Kata maboksi ya kadibodi yawe vibao vya kuegemezea karatasi, penseli tu hakuna kalamu ya wino, mtoto akiteleza na wino karibu na ngozi ya miaka mingi utalia. Na insha usitoe, waambie wachore kitu kimoja tu kwa kukiangalia, sio kwa kukumbuka.

Sisi zamani safari kama hiyo ilikua unaomba Mungu kivuko cha Busisi kisikuweke foleni masaa mawili, sasa daraja lipo toka 2025, nami nawaza kuja na wangu.

MamaKulwaNaDoto

Mimi sio mwalimu ila nimesoma uzi wote nikicheka kwenye jeki.

Nilienda Bujora na mapacha wangu jumapili moja, wana miaka tisa. Kwa mtu asiyepajua ni kama kilomita 20 kutoka mjini, unapanda daladala za Kisesa alafu bodaboda au mguu. Aliyeanzisha ni padri wa Kikanada anaitwa David Clement, na kanisa lenyewe limejengwa duara kwa mtindo wa kwetu. Nikajisemea hapa leo nawafundisha watoto utamaduni. Nikaanza kusoma vibao kwa sauti. Doto kaniambia mama twende tukale.

Sasa kuna kitu pale kinazunguka kama pipa, kimeandikwa namna za kuhesabu moja mpaka kumi, kumbe zamani kila rika la Wasukuma lilikua na hesabu yake, kama lugha yao ya siri hivi, mtu akihesabu unajua huyu ni wa kundi gani. Kulwa alikigusa tu kwa bahati kikazunguka. Hapo nilipoteza watoto. Walikaa pale sijui nusu saa, wanazungusha wanasoma, wanachanganya, wanacheka, mwisho wameamua na wao watunge ya kwao mimi nisiielewe. Njia nzima kwenye daladala wanahesabiana nguzo za umeme kwa maneno yao. Tulipofika nyumbani wakamhesabia bibi yao namba za kwenye pipa, mama mkwe kasikiliza mpaka mwisho, akasema "mayu, hiyo ya tatu nilikua naisikia kwa kaka zangu wakijificha". Mimi nimeolewa kwenye hiyo nyumba miaka 12 sijawahi kumsikia akiongelea kaka zake.

Kwa hiyo Ticha wewe ni mwalimu wa Hisabati pia, usipite pale haraka. Na chonde chonde waambie wazazi watoto waje na maji na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), jua la Kisesa saa saba sio mchezo.

MzeeWaMwaloni

Nimewasoma vijana. Nataka nimjibu huyu wa Kirumba aliyesema jembe na chungu.

Mnadhani makumbusho ya sanaa ni kitu cha Ulaya kimeletwa na ndege. Hapa Usukumani kulikua na chama cha wacheza nyoka, Bayeye, wenyewe mnawaona kwenye sherehe za ngoma za Bulabo mwezi wa sita wakicheza na chatu mnapiga picha na simu. Hao walikua na nyumba za kuwaingizia wanachama wapya, na ndani ya hizo nyumba kuta zimechorwa, nyoka, watu, wanyama, alama. Alikuwepo mtu wa serikali ya kikoloni anaitwa Hans Cory, Mwaustria, alikaa sana kanda hii, akaikusanya michoro hiyo na mwaka 1953 ikachapishwa kitabu London. Mnanielewa? Anayeingia chamani anakaa ndani mbele ya ukuta wenye picha, na waliomtangulia wapo naye. Hiyo ni nini kama sio hayo mnayoyasema ya New York?

Ukuta wa udongo mvua inaondoka nao, ndio maana mnadhani hatukuchora.

Na jembe. Nenda Bulabo umwangalie mcheza bugobogobo anavyolirusha jembe hewani na kulidaka, alafu urudi uniambie ni la kupalilia tu. Ticha, watoto wako kabla hawajaenda waulize ni nani kwao anacheza, na ni wa kundi gani la ngoma, Bagika au Bagalu. Utapata kelele darasani usizozitegemea.

KijanaWaKirumba

Shikamoo mzee. Nimekaa kimya nasoma. La ukuta nilikua silijui kabisa, nakiri. Ila bado nasema elfu nane ni hela, wengine hapa ni mia tano ya maandazi ndio inagombaniwa asubuhi.

TichaIgoma

Mzee shikamoo, na wote asanteni sana. KijanaWaKirumba hoja yako ya hela nimeichukua, nimempelekea mkuu hesabu mpya. Tunaondoka na daladala za kawaida kwa makundi, Igoma mpaka Kisesa ni karibu, tumetoka elfu nane mpaka elfu mbili na mia tano, na watoto saba wasioweza tumewabeba walimu. Ile habari ya Arkansas nimeiandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, mkuu kaisoma mara mbili, akauliza "hawa wa vijijini mara mbili hadi tatu?", akasaini. Nitaleta mrejesho.

TichaIgoma

Mrejesho kama nilivyoahidi, wiki tatu zimepita.

Tumeenda ijumaa. Makundi manne, wazazi wanne, na mmoja wao ni fundi wa kuchomelea pale Mabatini amefunga karakana yake siku nzima kuja nasi. Nilikua nimechagua vitu sita, tumefanya vinne, viwili muda haukutosha na sijajuta.

Kundi langu lilianza kwenye ngoma za watemi, lile jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Dakika moja ya kimya ilikua ngumu, sekunde ya 20 mtu kachekeshwa, tukaanza upya. Nikauliza hapa kuna nini kinaendelea, wakaanza na ukubwa, alafu kamba, alafu kijana mmoja anakaa nyuma kabisa darasani, huyu ndiye yule wa jeki, akasema mwalimu hii ilipigwa sana na mtu mmoja. Nikauliza umeona nini. Kasema ngozi imechakaa upande huu tu, upande wa pili bado ina rangi. Basi hapo kukazuka ubishi, mmoja anasema alikua anatumia mkono wa kushoto, mwingine anasema hapana, alikua amesimama pembeni maana katikati kuna mwingine, wa tatu anataka kupanda aoneshe nikamshika kola. Mtembezaji wetu mwanzoni alikua amekunja mikono, nadhani alikua ananingoja nimalize upuuzi, lakini hapo akasogea, akainama, akaangalia ile ngozi. Kasema miaka yote ninayopita hapa sijawahi kuliona hilo.

Kwenye nyumba ya mhunzi yule baba wa kuchomelea ndio alichukua darasa, mimi nikawa mwanafunzi. Watoto walipouliza moto ulipataje nguvu bila umeme aliwaonesha kwa mikono miwili jinsi ya kuvukuta, huku huku, bila kupumzika, akawafanya wote wavukute hewa mpaka wakachoka. Mtoto wake alikua kundi lile. Sijui niwaelezeje sura yake.

Yaliyoharibika pia niseme. Kundi la tatu mzazi aliyesimamia alikua anajibu maswali mwenyewe, kwa hiyo wale walitoka kama mwaka jana tu, tena wakiwa na wivu. Kosa langu, nilimpa karatasi ya maelekezo asubuhi ile ile. Na penseli 62 tumerudi na 41.

Michoro nimeibandika ukutani kwa gundi ya unga kwenye korido ya ofisi. Ngoma ipo 19, pipa la kuhesabu lipo 14. Mmoja bado kachora daladala.

MamaKulwaNaDoto

Hahaha huyo wa daladala msimguse. Pipa 14!! Nimewasomea wanangu.

KijanaWaKirumba

Ticha nakupa hongera. Nitumie hiyo karatasi ya maelekezo pm, mdogo wangu yuko darasa la nne nataka niende naye jumapili ijayo tujaribu. Alafu hiyo ngoma, mlifikia wapi? Alikua wa mkono wa kushoto au alisimama pembeni?